Programu za ugavi zijue pia habari za mbalamwezi

Mhariri,

Ninauza dagaa wakavu mtandaoni kutoka Mwaloni, Kirumba, na ninaunga mkono kwa dhati matumizi ya akili mnemba katika ugavi wa bidhaa zetu. Hata hivyo, programu hizi hujifunza kutokana na kumbukumbu zinazopewa, na hapo ndipo penye tatizo. Programu niliyolipia ilinishauri nipokee oda za magunia 40 kwa wiki moja kwa sababu mauzo yalikuwa yamepanda; haikujua kwamba mbalamwezi ilikuwa imekaribia, kipindi ambacho wavuvi wa dagaa, wanaotegemea taa kuwavuta samaki gizani, hupumzisha mitumbwi yao. Wateja wa Dodoma walikuwa wamekwisha kulipa, nami nilipata magunia 6 tu, mawili yakiwa yamelowa mvua na kuanza kunuka.

Mambo hayo yamo katika madaftari ya wachuuzi na vichwani mwa akina mama wanaoanika dagaa. Naomba vyuo vya hapa Mwanza viwakutanishe vijana wanaotengeneza programu na watu hao, na taarifa ziingizwe kwa Kiswahili, hata kwa simu ndogo za vitufe.

Mchuuzi wa dagaa,
Kirumba, Mwanza