Mpaka wa maoni ya watangazaji wa michezo uandikwe mapema

Mhariri,

Naandika kuhusu watangazaji wa michezo wanaotoa maoni ya kisiasa, mjadala uliopamba moto Machi 2023 pale BBC ilipomtaka Gary Lineker, wakati huo mtangazaji wa kipindi chake cha soka Match of the Day, akae kando kwa sababu ya maneno aliyoandika mtandaoni kupinga sera ya serikali ya Uingereza kuhusu waomba hifadhi.

Nakubali kwa moyo wote kwamba shirika linaloendeshwa kwa ada ya wananchi halipaswi kuegemea upande wowote. Hata hivyo, msoma habari na mchambuzi wa mabao hawabebi mzigo mmoja: msikilizaji akijua wa kwanza ana chama, ataitilia shaka kila taarifa yake, ilhali maoni ya wa pili kuhusu wakimbizi hayabadilishi kama mpira ulivuka mstari au la. Isitoshe, walioumia ni watazamaji. Wachambuzi wenzake Lineker, Ian Wright na Alan Shearer, walikataa kushiriki ili kumuunga mkono, na Jumamosi ya tarehe 11 Match of the Day ikarushwa kwa dakika 20 hivi bila mtangazaji wala mchambuzi, hata sauti ya kutaja mfungaji haikuwapo.

Septemba mwaka huo BBC ilitoa mwongozo unaowaruhusu watangazaji wakubwa wasio wa habari kuzungumzia masuala ya umma, mradi wasipigie debe chama wala kukishambulia. Mashirika mengine ya umma yauandike mpaka kama huo ndani ya mikataba, kabla sahihi haijatiwa, na yautumie sawasawa kwa anayeisifu serikali na anayeikosoa.

Msomaji wako