Usilichane Boksi Hili

Tandika, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Mpendwa rafiki yangu, mama kijacho,

Hujambo wewe na huyo aliyemo tumboni? Sisi huku wazima, ila joto linatuchemsha. Masika tunayasubiri kwa hamu na kwa hofu, maana bati letu unalijua.

Kabla hujafika mbali: usilichane boksi lililobeba barua hii. Nimelifunga kwa kamba makusudi, ulifungue bila kisu. Ndani kuna nepi kumi na mbili za kitambaa, kofia mbili, na chini kabisa vipande vinne vya boksi vimelala bapa. Usidhani nimeviweka kuzuia vitu visitikisike njiani. Hiyo ni kazi yangu ya jioni nne, na boksi lenyewe ni sehemu ya kazi hiyo.

Uliniuliza kwenye simu nilianzaje haya mambo ya kutengeneza vyombo vya nyumbani kwa maboksi, nikakujibu juujuu kwa sababu nilikuwa ndani ya daladala na konda anapiga kelele. Nilianza kwa kadi ya kliniki. Siku ya kumpeleka mtoto wetu mdogo kupimwa uzito niliamka saa kumi na moja alfajiri kuitafuta: chini ya godoro, ndani ya mkoba, kwenye mfuko wa risiti za LUKU, mpaka ndani ya Biblia. Sikuiona. Nikaenda mikono mitupu, nikasemwa mbele ya akina mama wenzangu, nikarudi nalia na mtoto mgongoni. Siku tatu baadaye nikaikuta imejibana kati ya kabati na ukuta, mende wameshaitafuna pembeni. Jioni ileile nilikwenda kwa Mangi nikanunua boksi tupu la sabuni kwa shilingi 500. Nikalikata mshazari, mbele fupi nyuma refu, nikasimamisha humo bahasha: vyeti vya kuzaliwa, kadi, mkataba wa pango, risiti. Liko juu ya kabati hadi leo, na sijahangaika tena kutafuta karatasi.

Sasa sikiliza, kuna jambo moja ukilishika mengine yote ni kazi ya mikono tu. Chukua kipande kimoja kati ya hivyo vinne, kiangalie ubavuni penye mkato. Utaona karatasi mbili zilizonyooka, na katikati yake moja yenye mawimbi. Nguvu ya boksi imo humo kwenye mawimbi. Kisimamishe mezani mawimbi yakiwa wima, ukandamize kwa kiganja: kitakukatalia. Kigeuze mawimbi yalale, ukandamize tena: kitajikunja kama chapati. Kwa hiyo ukuta wowote wa boksi unautaka uwe na mawimbi wima, kama nguzo za nyumba. Rafu nayo, mawimbi yake yatoke egemeo moja mpaka jingine. Mimi rafu yangu ya kwanza niliikata kinyume kwa kutojua. Haikumaliza wiki mbili, khanga zote zikawa sakafuni. Siku hizi nagandisha vipande viwili, mawimbi ya kimoja yakikatiza ya mwenzake, kama plaiwudi, halafu naviwekea ndoo ya maji juu vilale hivyo hadi asubuhi. Rafu ya namna hiyo inabeba madaftari ya watoto wote wawili.

Kosa la pili ni kukunja kwa nguvu. Boksi likikunjwa kabla ya kubonyezwa mstari, linapasuka linakotaka lenyewe. Weka rula, pitisha kalamu iliyokwisha wino mara mbili tatu ukikandamiza, usikate, kisha ndipo ukunje. Nilisoma habari za Robert Gair, mtu wa Brooklyn kule New York, aliyekuwa na kiwanda cha mifuko ya karatasi. Mwaka 1879 chuma cha mashine yake kilichotakiwa kubonyeza mikunjo kilijitokeza zaidi kikawa kinakata mifuko. Wengine tungelia hasara tu. Yeye akaona kwamba mashine moja inaweza kukata na kubonyeza kwa mkupuo mmoja, na hapo yakaanza maboksi yanayotoka kiwandani bapa, mnunuzi akayasimamisha mwenyewe. Nilipomaliza kusoma niliinuka kwenda kulitazama tena lile boksi la sabuni, nikapitisha kidole kwenye kila mkunjo.

Na wewe uko Mafinga! Hayo malori ya magogo ya paini unayoyaona yakipita, karibu yako huko Mgololo ndiko kiwanda kinakotengeneza karatasi ngumu ya kahawia kutokana na paini. Wewe ndiwe uliyepaswa kunifundisha mimi.

Vile vipande vinne ni vya kugawa boksi ndani. Viwili virefu nimevipasua kutoka juu hadi nusu, viwili vifupi kutoka chini hadi nusu. Vichomeke viumane, uvitumbukize, utapata vyumba tisa bila tone la gundi. Soksi chumba chake, kofia chumba chake, pini, mafuta, kamba ya kitovu ikidondoka nayo iwe na pa kukaa. Usiku wa manane, mtoto analia na umeme umekatika, mkono wako uende wenyewe. Unakumbuka tranka letu la bwenini, sukari ilivyomwagikia madaftari yote ya jiografia? Vipande vinne tu kama hivi vingetuokoa.

Gundi, ukiihitaji, nunua ile nyeupe ya maseremala. Uji wa ngano unashika vizuri, lakini ni chakula cha mende, nimewalisha vya kutosha. Boksi la samaki au la matunda usilichukue hata ukipewa bure, harufu haitoki na sisimizi watakufuata. Huko kwenu kuna ukungu na baridi, na unyevu unalegeza boksi kuliko mzigo. Liinue kidogo kutoka sakafuni: mimi nabandika visoda kwenye pembe za chini, vinne vinne vikipandana. Acha nafasi ya kiganja kati yake na ukuta. Na liwe mbali na jiko, tafadhali. Ndani litandikie shuka kuukuu la pamba lililofuliwa sana. Khanga mpya itachujia rangi kwenye nguo nyeupe za mtoto.

Bado nataka kukutengenezea droo ya chini ya kitanda, ya nguo atakazovaa akifikisha miezi mitatu. Nimeshapata boksi la televisheni, lile la tabaka tano, gumu kweli, nimelificha nyuma ya mlango watoto wasilifanye gari. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye chaga, na upana kati ya miguu ya kitanda, kwa sentimita, usikisie kwa shubiri. Nitumie kwa meseji kabla ya Alhamisi, Ijumaa kuna jirani anapanda basi la Njombe, atakushushia hapo stendi.

Msalimie baba mtarajiwa. Mwambie asiishie kuinua ndoo tu, akuinulie na wewe miguu jioni.

Ni mimi wako,
wa kitanda cha juu