Barua ya malalamiko: mmenikata ada ya akaunti kulala nikiwa baharini

Kwa meneja wa huduma kwa wateja,

Salaam. Mie ni mteja wenu wa Likoni, kazi yangu baharia, oila, yaani mtia mafuta injini ya meli. Naanza na kazi manake ndo imeleta haya yote.

Februari niliweka shilingi 62,400 kwenye woleti yenu ya simu, karo ya mwanangu ya Januari inayokuja, nikaenda zangu kupanda meli. Mkataba ulikuwa miezi 9 ukawa 10 sababu wa kunipokea zamu alicheleweshwa na viza. Desemba nimeshuka, nafika nyumbani hata begi sijafungua nikafungua apu nikakuta 60,400. Chini yake mistari minne, 500, 500, 500, 500, wa kwanza Agosti wa mwisho Novemba, na kutoa pia siwezi, akaunti imefungwa mpaka nije na kitambulisho.

Kesho yake nikavuka feri asubuhi, nikakaa ofisini kwenu mpaka saa sita. Binti aliyenihudumia alikuwa na adabu, yeye simlaumu. Akanigeuzia skrini akanionyesha kipengele kimoja katikati ya masharti, Kiingereza kitupu, kwamba ukipitisha siku 180 bila kutuma wala kupokea basi akaunti imelala na kila mwezi mwakata 500. Nikamwambia lakini mie nilikuwa naingia! Durban niliingia, Santos niliingia, kila tukifunga gati naenda kutafuta waifai kwenye kituo cha mabaharia, naangalia pesa ya mtoto ipo, moyo unatulia narudi kazini. Akanijibu kuangalia salio hakuhesabiki.

Hapo ndo niliposhindwa kuelewa na mpaka leo sielewi. Mtu aingia na pin yake, aitazama pesa yake, nyinyi mwamwandika kuwa kaitelekeza? Akaunti ya akiba ya benki, ile Sheria ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa ya 2011 yangoja miaka 5 ndo ihesabike imetelekezwa, na hata ikifika hapo pesa hailiwi, yapelekwa kwa mamlaka ya serikali ikae mpaka mwenyewe aje aidai, na akiwa kafariki warithi wake. Nyinyi miezi 6 tu mshaanza kumega.

Na hamkunambia. Huyo binti asema masharti mapya yalitumwa kwa imeli Aprili, wakati huo mie niko katikati ya bahari. Lakini nilipowasha laini pale uwanja wa ndege wa Moi ziliingia meseji zenu 23, nimezihesabu, zote za mikopo na promosheni, hata moja ya kusema jamani tutakukata hakuna. Katiba ya 2010 kifungu cha 46 yanipa mie mtumiaji haki ya kupewa habari ninazohitaji na kulindwa maslahi yangu ya kiuchumi, na meseji mwajua kutuma.

Sisemi kwa ajili yangu peke yangu. Hapa Mombasa nyumba nyingi zina mtu yuko melini, yuko Saudia, yuko Doha, na kaacha kitu kidogo kwenye simu cha kujengea au cha mama akiugua. Hao wote hesabu yenu yawapata.

Nataka mnirudishie 2,000 zangu na mfungue akaunti. Mteja akiingia kuangalia salio ihesabike ametumia. Na kabla hamjamkata mtu mumtumie meseji, kwa Kiswahili, mwezi mzima kabla, mumpe na njia ya kusema nasafiri narudi mwezi fulani.

Nawapa siku 14, baada ya hapo napeleka barua hii Benki Kuu, manake wao ndo wasimamizi wenu chini ya sheria ya mifumo ya malipo. Lakini karo yenyewe haiwezi kungoja hizo siku 14, shule zikifungua mwanangu atakiwa awe na risiti mkononi, kwa hivyo akaunti naomba ifunguliwe wiki hii hii. Mkiniita hata kesho naja, kitambulisho na kitabu changu cha ubaharia chenye mihuri ya kupanda na kushuka ninavyo.

Mteja wenu,
Likoni, Mombasa