Sabuni inachoma mikono, kosa lipo kwenye karatasi

Mhariri, shikamoo na poleni na kazi, naomba nafasi kidogo.

Mimi ni stoo kipa kwenye kiwanda kidogo cha sabuni, sitakitaja maana bado nataka mshahara. Juzi mafuta ya mise (yale ya kokwa za mchikichi) yaliadimika, bosi akasema wekeni mawese si mafuta ni mafuta tu, vijana wakaweka, ila ile orodha ya malighafi ukutani hakuna aliyeigusa, kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, ikapimwa ileile ya siku zote. Sasa kilo 100 za mise zinakula karibu kilo 17 na nusu za kostiki, mawese yanataka kama 14 tu, hiyo iliyozidi ikabaki kwenye sabuni na wateja wakarudi mikono imebabuka. Tukapoteza bachi nzima, yaani sabuni zote tulizopika kwa mkupuo ule.

Mbadala sio tatizo jamani, viwanda vyote vinabadilisha, ila uandikwe kabisa kwenye orodha na kipimo chake, nani kauruhusu, unaanza bachi ipi unaishia ipi. Sio kupigiana simu.

Halafu kuna vitu vilivyokufa lakini kwenye orodha bado viko hai. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 ila sisi iliendelea kusomeka kwenye karatasi yetu ya kufungashia miezi kadhaa, na mtu wa manunuzi (kijana mpya, simlaumu) akawa anaulizia bei yake mjini!

Wenye viwanda, hizo orodha mmezipitia lini mara ya mwisho?

Stoo kipa, Dar es Salaam