Kwako mdogo wangu uliyezima meni swichi

Mdogo wangu,

Ya nguru walioharibika kwenye friza ulipozima meni swichi, ile swichi kuu ya umeme wa nyumba, mkasafiri, sitaki kuyafukua. Lakini tiketi za Unguja umeshakata, Mama kaanza kufunga maboksi yake kwa kamba, na simu yangu hupokei. Basi nakuandikia hapa, mbele za watu.

Meni swichi usiiguse. Nyumba ya zege ya Muscat ukiifunga wiki sita bila umeme, kuta na paa hunywa joto la mchana, na usiku haupoi kiasi cha kulitoa joto hilo. Juni 2018 pale Quriyat, mji wa pwani wa Oman, joto halikushuka chini ya digrii 42.6 kutwa kucha, na hapo ni nje kwenye upepo. Acha kiyoyozi cha ukumbini kwenye digrii 28, milango ya vyumba iwe wazi. Kabla ya kuondoka toa chujio ulioshe, kisha mimina kikombe cha maji pale yanapodondokea ndani ya mashine, uende nje ukatazame kama mrija unayatoa. Mrija ukiziba kwa vumbi na utelezi, maji hurudi ndani na rangi ya ukuta ikavimba. Bili itakuja, ndiyo. Wewe ulikuwa unaokoa bili.

Ukaokoa kweli! Saa tisa usiku mliporudi, Mama amekaa ngazini na buibui lake, miguu imevimba kwa safari, anajipepea kwa kadi ya ndege, na maji mekundu ya nguru yanatambaa kutoka jikoni. Friza lote limeyeyuka. Mama hakulaumu mtu. Aliomba maji ya kunawa uso tu, na ya bomba yakaja ya moto kama ya chai.

Hata hayo yana dawa, nilikwambia zamani ukacheka. Tangi liko juu ya paa, jua linalipiga kutwa, kwa hiyo kiangazi bomba la baridi ndilo linalounguza. Ikifika Mei zima hita ya bafuni. Pipa lake limo ndani, penye ubaridi wa kiyoyozi, nalo hugeuka mtungi: unafungua upande wa moto unapata maji yaliyopoa. Ila hita ya lita 50 ni ndoo mbili na nusu, baadaye yanafuata ya paani. Aoge Mama kwanza. (Na hita iliyolala wiki nyingi, yamwage maji yake ya zamani kabla mtu hajaoga.)

Matundu ya maji sakafuni yatilie lita moja kila moja, na kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake. Maji ya kwenye shingo ya bomba yakikauka, mende na harufu havina tena kizuizi. Mafuta huchelewesha kukauka.

Gari, legeza kichwa hasi cha betri kwa spana namba 10 ukiweke kando. Betri iliyojaa husoma volti 12.6, ikisoma chini ya 12 usiende nayo popote.

Kwenye friza gandisha kikombe cha maji, kisha uweke sarafu ya baisa 50 juu ya barafu. Mkirudi sarafu iko chini ya kikombe, umeme ulikatika muda mrefu ukarudi: tupa vyote, hata kama vimeganda upya.

Insulini ya Mama isiingie kwenye begi la kupakiwa, wala isibaki garini hata dakika za kwenda dukani. Ikiharibika kwa joto, kwa macho huwezi kujua.

Utasema ufunguo wa nyumba yako nilikuwa nao. Nilikuwa nao. Lakini nani alisema mbele ya Mama kwamba nyumbani kwake asiingie mtu mpaka arudi? Mtu akishaambiwa hivyo anaingia na uso gani? Kutoka Seeb ni dakika ishirini, usinihesabie. Na taa ya kibarazani, ile unayoiacha ikiwaka siku zote, nilipita mara mbili nikaiona imezima. Nikasema balbu imeungua. Nikaendesha.

Ufunguo bado ninao. Chumba cha Mama kinataka kiyoyozi siku nzima ndipo kuta zipoe, saa moja haitoshi. Niandikie tarehe ya kurudi na saa ya ndege, hata kama hutaki kusema neno jingine.