Jumamosi: tumzungumzie Marleine Bastien

Habari za jioni dada zangu na mama zetu,

Jumamosi saa kumi jioni tukutane palepale. Safari hii naomba tuzungumze kuhusu Marleine Bastien, mtetezi wa wahamiaji wa Miami, Marekani. Alitoka Haiti mwaka 1981, na mwaka 1991 akaanzisha FANM, yaani Wanawake wa Haiti wa Miami, mtaani Little Haiti.

Kinachonigusa ni kwamba hakutenganisha makaratasi na maisha. Mama akija na shida ya fomu za uhamiaji, huenda nyumbani kuna kipigo, au kodi ya nyumba imemshinda. FANM iliyashika yote hayo pamoja. Na hawakuishia ofisini, waliandamana. Mwaka 1997 Bunge la Marekani liliwapa Wanikaragua na Wakuba nafuu ya kupata ukaazi wa kudumu, Wahaiti wakaachwa nje. Wakapiga kelele, na mwaka uliofuata sheria yao ikapita. Baada ya tetemeko la ardhi la Haiti la Januari 2010 ikaja TPS, ile hifadhi ya muda ya kutorudishwa kwao, ambayo wameipigania tena na tena. Mwaka 2022 Bastien alichaguliwa kuwa kamishna wa kaunti ya Miami-Dade.

Nasi tuna wenzetu humu, wengine kutoka Kongo na Burundi, wanaohangaika na makaratasi kimyakimya. Tafadhali msimlipe mtu anayejiita wakili kabla hamjahakikisha ana leseni. Mwenye barua asiyoielewa aje nayo, tutaisoma naye pembeni, si mbele ya watu.

Watoto waje pia. Nani ataleta chai?