Gia haichorwi kwa macho

Mhariri, naomba nafasi niseme na wenzangu wanaochonga gia kwa CNC ndogo za nyumbani, zile mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta, maana wengi wanachukua picha ya gia wanaifuatisha kwenye programu halafu wanashangaa inakwama au inapiga kelele. Jamani, ule mpindo wa jino una hesabu yake, unaitwa involuti, na programu ya FreeCAD inakuchorea bure kabisa, wewe unaipa tu idadi ya meno, moduli (kipimo cha ukubwa wa jino) na pembe ya presha (mlalo wa ubavu wa jino, kwa digrii). Gia moja ikiwa na pembe ya 20 na mwenzake 14.5 haziwezi kushikana vizuri, hata uzisugue vipi.

Moduli ni kipenyo cha pichi, yaani cha lile duara la kufikirika ambapo gia mbili zinakutana, ugawe kwa meno, basi. Meno 24 kwa moduli 2 unapata milimita 48, ila ukipima nje kwa nje ni 52, na hapa ndo watu wanapotea, wanapanga umbali wa shafti kwa kipimo cha nje, meno yanabaki yanagusana nchani tu.

Halafu biti, kile kifaa kinachokata. Moduli 1 nafasi kati ya meno ni kama milimita 1.57 kwenye mstari wa pichi na huko chini inazidi kubana, sasa biti ya milimita 3 itapita wapi? Chukua moduli kubwa, au biti nyembamba uchonge kidogo kidogo kwa pasi nyingi, manake inavunjika upesi sana.

Mhariri, tupeni ukurasa wa mambo haya, wanaohitaji ni wengi.

Msomaji wenu